Simu Janja Huishi Miaka Mingapi?

Simu janja haina umri mmoja. Ina umri wa betri, umri wa mfumo endeshi, umri wa programu zinazokubali kukaa ndani yake, umri wa mtandao inaoshika na umri wa spea zilizopo kwa mafundi. Kila kimoja kina siku yake ya kuanza kuhesabiwa, na kila kimoja kina bwana wake: betri inatawaliwa na kemia, mfumo endeshi unatawaliwa na kiwanda, WhatsApp inatawaliwa na kampuni iliyoko California, spea zinatawaliwa na soko. Ndiyo maana swali la kawaida dukani, "umeitumia muda gani?", halina jibu la maana sana. Simu iliyonunuliwa mwaka jana inaweza kuwa imebakiza miezi michache tu, na iliyonunuliwa miaka 6 iliyopita ikawa bado inamfanyia mwenyewe kila anachokihitaji.

Kufaa nako kuna viwango. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, miezi mitatu kabla ya iPhone ya kwanza kuanza kuuzwa Marekani, na ikajengwa juu ya kadi ya laini, ujumbe mfupi na namba za nyota na reli. Mpaka leo anayepiga *334# Kenya au *150*00# Tanzania haulizwi simu yake ilitoka mwaka gani. Kwa hiyo katika nchi zetu kazi nyeti kuliko zote, ya kutuma na kupokea pesa, haimlazimishi mtu kubadili simu; kitochi cha betri ya kuchomoa kinaiweza. Kinachomtoa mtu kwenye simu yake ya zamani ni mambo mengine, na hayafiki kwa wakati mmoja.

Desturi ya miaka miwili ilikotoka

Wazo kwamba simu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili lilizaliwa kwenye mikataba ya kampuni za simu, hasa Marekani. Mteja alilipa takriban dola 200 kwa simu ambayo bei yake halisi ilizidi dola 600, kisha akafungwa kwa mkataba wa miezi 24 ambao ndani yake deni lililobaki lilifichwa kwenye malipo ya kila mwezi. Mkataba ukiisha, kukaa na simu ileile kulikuwa hasara, maana malipo hayakupungua. Machi 2013 T-Mobile iliachana na utaratibu huo na kutenganisha bei ya simu na bei ya huduma. Wengine wakafuata, na watu wakaanza kuona simu inagharimu kiasi gani hasa. Walipoona, wakaanza kukaa nazo.

Wakati huohuo simu zenyewe zilikuwa zimekomaa. Kati ya simu ya 2009 na ya 2012 tofauti ilionekana kwa macho. Kati ya simu ya 2019 na ya 2022 ilibidi muuzaji aieleze. Mauzo ya simu janja duniani yalifikia kilele mwaka 2016, karibu simu bilioni 1.47, na kufikia 2023 yalikuwa yameshuka hadi kama bilioni 1.17. Watu hawakuacha kutumia simu. Waliacha kuzibadilisha haraka.

Afrika Mashariki haikupitia njia hiyo. Hapa simu ilinunuliwa kwa fedha taslimu tangu mwanzo. Huawei IDEOS, iliyouzwa na Safaricom mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, ndiyo iliyowaingiza wengi kwenye Android kwa mara ya kwanza: prosesa ya MHz 528, kumbukumbu ya MB 256, Android 2.2. Aliyeinunua hakuwa na mkataba wa kumkumbusha tarehe ya kuibadilisha. Aliitumia mpaka ikashindwa.

Betri

Kinachochoka kwanza, karibu kila mara, ni betri. Ndani ya betri ya lithiamu, chembe zenye chaji husafiri kutoka upande wa kobalti kwenda upande wa grafiti simu inapochajiwa, na kurudi simu inapotumika. Katika kila safari, lithiamu kidogo hunaswa kwenye utando unaojijenga juu ya grafiti na hairudi tena. Utando huo hauondoki, hunenepa tu. Kuna mambo mawili yanayouharakisha kuliko mengine: joto, na kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa hadi asilimia 100.

Viwanda hupima maisha ya betri kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100 ya chaji, hata kama ni nusu leo na nusu kesho. Kwa iPhone zote mpaka toleo la 14, Apple ilisema betri imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500. Kuanzia iPhone 15 ikasema mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, unataka kila simu inayoingia sokoni kwake ibakize asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Anayemaliza chaji mara moja kwa siku hufikisha mizunguko 500 ndani ya mwaka mmoja na miezi minne na ushei, na 800 ndani ya miaka miwili na miezi miwili. Dereva wa bodaboda anayetembea na ramani imewashwa kutwa, pawabenki mfukoni, anaweza kula mizunguko miwili kwa siku. Betri yake inazeeka mara mbili ya ile ya karani wa ofisini, ingawa simu zao zilitoka kwenye boksi moja.

Kisha kuna joto. Vipimo vinavyonukuliwa sana na watu wa betri vinaonyesha kwamba betri iliyojaa ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 za Selsiasi hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo wake, wakati iliyo na chaji ya asilimia 40 kwenye nyuzi 25 hubaki na karibu 96. Apple inashauri simu zake zitumike kati ya nyuzi 0 na 35. Dar es Salaam mwezi Februari hufika nyuzi 32 kivulini, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani haina habari na kivuli. Simu inayochajiwa pale huku ikipiga muziki inapata maadui wote kwa pamoja: jua, joto la chaji na joto la prosesa.

Ushauri mmoja wa zamani bado unazunguka madukani: simu mpya ichajiwe saa 8 kabla ya kuwashwa, na chaji iachwe iishe kabisa kabla ya kuchomekwa tena. Ulikuwa na maana kwenye betri za nikeli za miaka ya 1990. Kwa betri ya lithiamu hauna faida, na sehemu yake ya pili ina madhara. Betri ya leo hupenda kukaa katikati, kati ya asilimia 20 na 80, ndiyo maana simu nyingi mpya zina kipengele cha kuzuia chaji isivuke 80.

Kupungua kwa uwezo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili, ambayo wengi hawaelezwi, ni ukinzani. Betri iliyochoka bado ina umeme ndani lakini haiwezi kuutoa kwa nguvu inayotakiwa ghafla. Fungua kamera simu ikiwa na asilimia 30, prosesa inavuta, volti inaporomoka, simu inazima. Ukiiwasha tena inasema ina asilimia 28. Mwenye simu hudhani ni ubovu wa sakiti. Mara nyingi ni betri tu.

Apple ilikutana na jambo hili kwenye iPhone 6 na 6s. Januari 2017 ilitoa toleo la iOS 10.2.1 ambalo lilipunguza kasi ya prosesa kwenye simu zenye betri iliyochoka ili zisizime ghafla, na haikuwaeleza wateja waziwazi. Desemba mwaka huo ilikiri. Ikashusha bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018; Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25, na mwezi uliofuata ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya pamoja nchini Marekani. Kiufundi hatua yenyewe ilikuwa na mantiki. Kosa lilikuwa kunyamaza. Lakini kilichofundisha zaidi ni barua ambayo Tim Cook aliwaandikia wawekezaji tarehe 2 Januari 2019, akieleza kwa nini mapato yatakuwa chini ya matarajio. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni watu waliotumia nafasi ya betri za bei nafuu. Walibadilisha betri, simu ikarudi kuwa nyepesi, hawakununua mpya.

Zamani hili lilikuwa jambo la dakika moja. Betri ya Nokia BL-5C ilitolewa kwa ukucha, ikauzwa kila kona, ikaishia hata kwenye redio ndogo za Kichina. iPhone ilikuja 2007 ikiwa imefungwa. Samsung ilifunga Galaxy S zake kuanzia S6 mwaka 2015. Gundi ilichukua mahali pa kifuniko. Betri iliyokuwa kitu cha kubadilisha kama tairi ikageuka sababu ya kubadilisha gari zima.

Mfumo endeshi na ahadi za kiwanda

Umri wa pili hauonekani kwa macho. Simu ya Android hupokea masasisho kupitia mnyororo: Google hutengeneza toleo, mtengenezaji wa chipu (Qualcomm, MediaTek au Unisoc) huandaa programu za kuiwezesha chipu yake kulielewa, kisha kampuni ya simu hulifanyia marekebisho yake na kulituma. Mmoja akichoka, mnyororo umekatika. Kwa miaka mingi aliyechoka kwanza alikuwa mtengenezaji wa chipu, maana hakuwa na faida yoyote kuihudumia chipu ya miaka mitatu iliyopita. Mwaka 2017 Google ilibadili muundo wa Android ili sehemu ya chipu na sehemu ya mfumo zitenganishwe, na hapo ndipo ahadi ndefu zilipowezekana.

Kilichoamsha sekta nzima ni kasoro ya usalama iliyotangazwa Julai 2015 kwa jina la Stagefright: ujumbe wa picha au video uliotengenezwa kwa hila uliweza kuiingilia simu yenye Android kuanzia 2.2 hadi 5.1, yaani karibu zote zilizokuwepo. Mwezi uliofuata Google ilianza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Kutoa ni jambo moja, kuvifikisha kwenye simu ya bei nafuu Tunduma au Bungoma ni jingine, na hapo ndipo tofauti za kampuni zilipodhihirika.

Leo ahadi zimerefuka sana. Google Pixel 8, ya Oktoba 2023, ilikuja na ahadi ya masasisho ya miaka 7. Samsung ikatoa ahadi hiyohiyo kwa Galaxy S24 mwezi Januari 2024. Kampuni ndogo ya Uholanzi, Fairphone, ilikuwa imetangulia kwa vitendo: Fairphone 2 ya mwaka 2015, iliyotoka na Android 5, iliendelea kuhudumiwa mpaka Machi 2023. Apple haikuwa na mazoea ya kuahidi, ilitenda tu. iPhone XR ya 2018 ilipokea matoleo makubwa kuanzia iOS 12 hadi iOS 18, na iPhone 5s ya 2013 ilitumiwa kiraka cha usalama Januari 2023. Simu za daraja la chini, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu wetu, bado hutoka na ahadi fupi zaidi, na mara nyingine haziandikwi popote kwenye boksi.

Mnunuzi akumbuke jambo moja kuliko mengine yote: miaka hii huhesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni mara ya kwanza, si tangu yeye alipoinunua. Galaxy S10 ilitoka mwanzoni mwa 2019 na ikapata miaka minne ya viraka vya usalama. Aliyeinunua kama mtumba mwaka 2023, inang'aa, kioo hakina mkwaruzo, alinunua simu ambayo kiwanda kilikuwa kinaifungia daftari.

Siku masasisho yanapokoma hakuna kinachotokea. Simu haizimi, haipungui kasi. Ndiyo maana watu hawaamini kwamba kuna kilichokufa. Dalili huja polepole na kwa njia zisizotazamiwa. Mfano mzuri ni vyeti vya usalama vya tovuti. Kila simu hubeba ndani yake orodha ya mamlaka inazoziamini, na orodha hiyo kwenye Android za zamani ilibadilika tu mfumo mzima uliposasishwa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mzizi kimoja kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti zilizolindwa na Let's Encrypt kilifika mwisho wake. Mpango maalumu ulizibeba Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 kwa miaka mitatu zaidi. Baada ya hapo simu hizo zilianza kukataa tovuti zisizo na tatizo lolote, zikidai muunganisho si salama. Mwenye simu hulaumu bando.

WhatsApp kama mpiga filimbi

Kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki, siku rasmi ya kifo cha simu ni siku WhatsApp inapokataa kufunguka. Kampuni hiyo huacha mifumo ya zamani kwa tarehe zinazotangazwa mapema. BlackBerry ziliachwa mwisho wa 2017. Windows Phone zikafuata mwisho wa 2019. Tarehe 1 Februari 2020 ilikuwa zamu ya Android 2.3.7 kurudi chini. Novemba 2021 sharti likawa Android 4.1, tarehe 24 Oktoba 2023 likapanda hadi 5.0. Mwezi Mei 2025 iPhone zilitakiwa kuwa na angalau iOS 15.1, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikaachwa nje.

Ukizihesabu tarehe hizo utaona kitu cha kushangaza kidogo. IDEOS ya 2011 ingeweza kinadharia kubaki na WhatsApp kwa miaka 9. iPhone 6 ya 2014 ilibaki nayo kwa zaidi ya miaka 10. WhatsApp haikuwa na haraka hata kidogo. Simu nyingi hazikufika tarehe hizo kwa sababu zilikuwa zimekwisha jaa.

Kujaa ndiko hasa kunakoziua simu za bei nafuu. Simu ya GB 16 huanza ikiwa imetumia karibu nusu kwa ajili ya mfumo wenyewe. Ongeza programu chache, kisha makundi. Mjumbe wa kamati moja ya harusi, kwa miezi mitatu ya vikao, hupokea picha za kadi, video za kumbi, sauti za dakika sita za mwenyekiti na picha ileile ya orodha ya michango ikirudiwa kila anapochangia mtu. Zote zinajihifadhi zenyewe. Hifadhi ya simu huandika data kwa vipande vidogo, lakini hufuta kwa vitalu vizima tu. Inapobaki nafasi finyu, kidhibiti chake hulazimika kuhamisha vitu huku na huko kabla ya kuandika chochote kipya. Hapo simu huanza kuganda. Simu za daraja la chini hutumia aina ya hifadhi iliyo polepole zaidi, hivyo maumivu yanazidi.

Google ilijaribu kulishughulikia hili kwa Android Go, toleo jepesi lililotoka Desemba 2017 kwa simu zenye kumbukumbu ya GB 1 au pungufu. Lilisaidia, ila halikusimama mahali pamoja: lilipofika Android 13, toleo hilohilo jepesi lilitaka angalau GB 2 za kumbukumbu na GB 16 za hifadhi. Sakafu inapanda. Kwa anayenunua simu mpya kwa fedha kidogo, kuongeza kiasi ili apate hifadhi kubwa zaidi kunamwongezea miaka mingi kuliko kamera yoyote ya megapikseli 50.

Mafundi

Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo na Luthuli Avenue jijini Nairobi ni sehemu ambazo hesabu za viwanda hupinduliwa. Tundu la chaji lililolegea, kioo kilichopasuka, betri iliyovimba, spika iliyojaa vumbi: yote haya yana bei, na bei inajadiliwa. Fundi hufungua simu kwa blowa ya hewa moto, hulainisha gundi, hubandua kioo. Spea hutoka Guangzhou na Shenzhen, au kwenye simu nyingine zilizokufa kwa sababu tofauti. Simu iliyoanguka kwenye maji, sakiti yake ikateketea, bado ina kioo kizima, na kioo hicho kitamfaa mtu mwingine.

Tundu la chaji lina historia yake. Viwango vya USB, kwa tundu dogo la zamani na hata kwa USB-C, vinataka livumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, ambazo kwa mara tatu kwa siku ni zaidi ya miaka 9. Mbona basi yanaharibika ndani ya miaka miwili? Vumbi, jasho la mfukoni, waya wa bei ya chini, na tabia ya kuitumia simu ikiwa imechomekwa huku waya umepindwa. Mara nyingi fundi mwaminifu hulisafisha tu kwa sindano na kurudisha simu bila kubadilisha kitu.

Kioo ni habari nyingine. Kipo cha asili na kipo cha kopi, na katikati kuna ngazi nyingi ambazo muuzaji huzieleza kwa maneno machache. Kopi ya bei ya chini hupunguza mwanga, hugeuza rangi kuwa ya samawati, na kwa simu zilizokuwa na kioo cha OLED hula betri zaidi. Simu ikishafunguliwa, kinga ya maji iliyotangazwa kwenye boksi imekwisha, labda gundi yake irudishwe kama ya kiwandani, jambo ambalo mezani kwa fundi ni nadra.

Hapa ndipo pana jambo ambalo matangazo hayalisemi: simu inayoishi muda mrefu katika mji wa kawaida si lazima iwe ghali, ila iwe imeuzwa sana. Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zimeenea kiasi kwamba vioo vyake vinapatikana mpaka wilayani, na kampuni ina vituo vyake vya huduma, Carlcare. Samsung za mfululizo wa A zina bahati hiyohiyo. Simu nzuri ya kampuni adimu, iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo, inaweza kuwa na prosesa mara tatu zaidi na bado ikaishia kwenye droo kwa kukosa kioo.

Viwanda vingine vimejaribu kuibana kazi ya mafundi kwa kuifunga spea kwenye simu maalumu kwa programu, kiasi kwamba kioo cha asili kikihamishwa kutoka simu moja kwenda nyingine hutoa onyo au hupoteza baadhi ya uwezo. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria ya kupiga marufuku mtindo huo mwaka 2024.

Mtandao, mamlaka na mkopo

Huko kwingine mtandao wenyewe umeua simu. AT&T ilizima 3G yake Februari 2022, na Australia ilimaliza kuzima 3G mwishoni mwa Oktoba 2024, ikizikata hata baadhi ya simu za 4G zisizoweza kupiga namba za dharura kwa njia mpya. Kwetu 2G na 3G zingali zinafanya kazi, na kwa hesabu ya kibiashara hazitaondoka upesi, maana vitochi ni vingi mno.

Mamlaka ndizo zilizowahi kuua simu kwa mkupuo. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya mawasiliano, TCRA, ikafanya hivyo Juni 2016. Watu walijifunza kubonyeza *#06# kuangalia namba ya utambulisho ya simu, na wengine waligundua kwamba simu yao nzuri haikuwahi kuwepo kwenye orodha yoyote.

Mkopo nao umeleta kifo cha aina mpya. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mwanzoni mteja alilipa shilingi 20 kwa siku. Asipolipa, simu hujifunga. Ni simu nzima, betri mpya, mfumo mpya, lakini haifanyi kitu. Mpango wa aina hii una maana ikiwa simu itaishi muda mrefu kuliko deni lake, na mkopaji ana haki ya kuuliza hilo kabla ya kuweka dole gumba.

Gharama isiyo kwenye risiti

Sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayohusishwa na simu hutolewa kabla haijawashwa mara ya kwanza, wakati wa kuchimba, kuyeyusha na kuunda chipu. Kobalti ya betri hutoka zaidi Kongo, ambako huchimbwa takriban asilimia 70 ya ile ya dunia nzima, hasa kuzunguka Kolwezi huko Lualaba. Tantali ya vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme hutoka, miongoni mwa sehemu nyingine, Rubaya, Masisi, Kivu Kaskazini. Kote huko mchimbaji na mnunuzi wa mawe hupatana bei kwa Kiswahili. Mwisho wa safari, taka za vifaa vya umeme duniani zilifikia tani milioni 62 mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu iliyotumika miaka 6 badala ya 3 hugawa mzigo huo wote kwa mbili, na hakuna teknolojia ya kijani kwenye boksi lolote inayokaribia hapo.

Saa ya mtumba

Simu nyingi zinazoonekana mpya katika soko letu zimekwisha ishi maisha ya kwanza Dubai, Uingereza au Marekani. Mnunuzi hurithi betri na hurithi kalenda. Vitu vitatu humwambia zaidi ya rangi ya kava. Cha kwanza ni mwaka ambao modeli hiyo ilitoka, unaopatikana kwa jina lake kamili na si kwa maneno ya muuzaji. Cha pili ni tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama, iliyo ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya kuhusu simu; kama ina mwaka na zaidi, huenda kiwanda kimekwisha iacha. Cha tatu ni afya ya betri, ambayo iPhone huionyesha na Android nyingi mpya nazo zimeanza kuionyesha. Chini ya asilimia 80, bei ya betri iondolewe kwenye bei ya simu hapohapo mezani.

Kanuni za Ulaya za Juni 2025 zinaanza kubadilisha mzigo utakaoshuka huku baadaye. Simu zinazouzwa kule sasa lazima spea zake zipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho yaendelee kwa angalau miaka 5 tangu modeli hiyo iache kuuzwa. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kanuni nyingine ya betri itataka mtumiaji aweze kutoa betri mwenyewe kwa zana za kawaida, ingawa mlango umeachwa wazi kwa simu zisizopitisha maji ambazo betri yake inabaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000. Viwanda vingi bila shaka vitapita kwenye mlango huo. Hata hivyo, betri ya mizunguko 1,000 ikifika Kariakoo baada ya miaka mitatu mikononi mwa karani wa Hamburg itakuwa bado na kazi ndani yake, jambo ambalo betri ya mizunguko 500 haikuweza kulidai.